Gari la Baba Gati

Kwa miaka kumi na mitatu Wanzagi alikuwa akienda kwa mama yake Butiama Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, kwa baiskeli, na watu wa njiani walimzoea kiasi kwamba akichelewa kupita waliulizana kulikoni. Alikuwa karani wa bohari katika ofisi moja ya serikali mjini Musoma, mtu mwembamba, mkimya. Asubuhi aliteremka Mwigobero akanunua dagaa, akatafuta sabuni na chumvi kama vilikuwepo, akafunga mzigo kwenye keria kwa ukanda wa tyubu, akaondoka. Ilimchukua saa nne hivi kufika. Kurudi Jumapili ndiko kulikokuwa na kazi, kwa sababu upepo wa ziwa ulimjia usoni.

Mama yake, Nyamburi, alikuwa mjane aliyebaki na ng'ombe wachache, shamba la muhogo na mtama, na ndugu mmoja wa karibu, Mniko, mtoto wa shemeji yake, aliyejenga upande wa pili wa uzio. Alijua saa ya mwanawe kufika. Alibandika maji ya ugali kabla hajaonekana, na Wanzagi alipoegemeza baiskeli ukutani chakula kilikuwa kinaepuliwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya shida. Baada ya vita vya Uganda vitu viliadimika madukani, na tairi la baiskeli lilikuwa halipatikani hata kwa kibali. La nyuma la Wanzagi lilipochanika, alilipeleka kwa washona nyavu wa Mwigobero, wakalishona kwa uzi wa nailoni, mshono mrefu kama wa kidonda, na kwa mshono huo alitembea mwaka na nusu. Mkewe, Esta, alikuwa fundi cherehani. Alimtania, "Baba Gati, hiyo baiskeli yako ina mishono kuliko nguo zangu."

Gati alikuwa binti yao wa mwisho, baada ya wavulana wawili. Mwaka themanini na tatu alikuwa na miaka saba, na likizo ya Juni alikwenda kukaa kwa bibi yake. Wanzagi alimkuta huko Jumamosi moja akikimbizana na ndama. Jioni mtoto akasema kichwa kinamuuma. Alfajiri alikuwa anachemka. Zahanati ya karibu ilikuwa wiki ya tatu haina dawa. Mganga, waliyemngoja tangu asubuhi, aliwaambia waziwazi, wala hakuwaficha, akasema wampeleke Musoma. Walipotoka huko ilikuwa inakaribia saa nane, na shingo ya Gati ilikuwa imekakamaa.

Wanzagi alimfunga mgongoni kwa khanga mbili za mama yake, akapanda baiskeli. Alipofika Makutano, barabara ya Butiama inapoingia barabara kuu ya Bunda na Musoma, alisimama kungoja gari. Alingoja sana. Ilikuwa Jumapili, na siku hizo, kwa ajili ya kubana mafuta, magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Barabara ilikuwa tupu kama uwanja wa shule wakati wa likizo. Mbuzi walilala katikati. Mtoto mgongoni aliuliza mara moja tu, "Baba, tumefika?" Wanzagi akakanyaga pedali tena.

Waliingia Musoma jua linazama. Hospitalini mtu mmoja aliyempokea mtoto alisema, si kwa ubaya, ila kwa uchovu wa kazi, "Mngemleta mapema." Gati alikufa Jumanne. Walimzika Butiama, nyuma ya nyumba ya bibi yake.

Watu waliendelea kumwita Wanzagi Baba Gati, maana jina la mtu halibadilishwi kwa sababu ya msiba. Kila alipoitwa alisikia yale maneno mawili. Mngemleta mapema.

*

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuingiza mali, na ghafla Musoma kukawa na sabuni, redio, mitumba, na magari yaliyotumika. Ofisini watu walianza kuzungumza magari kama walivyokuwa wakizungumza sukari. Wanzagi aliwasikiliza, na jioni alianza kupitia kwa Masatu, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Majita, aliyekuwa na pikapu kuukuu ya bluu na alikuwa anataka kununua kubwa zaidi.

Siku alipomweleza Esta, Esta aliacha kushona.

"Gari la nini, Baba Gati? Ofisini unakwenda kwa miguu. Butiama una baiskeli."

"La dharura."

"Dharura inakuja mara ngapi? Gari linakula kila siku. Lina bima, lina leseni ya barabara, lina fundi. Baiskeli haili kitu. Ikiharibika unaipindua juu chini, unaziba kiraka, umemaliza."

"Esta."

"Nasema ukweli. Paa letu linavuja. Wavulana wako shule. Tutalilisha nini?"

Wanzagi alitazama sakafu. Kisha akasema kitu ambacho kwa miaka mitano hakuna aliyekisema ndani ya nyumba hiyo. "Mwanangu alikufa mgongoni mwangu juu ya baiskeli."

"Alifia hospitali," Esta alisema polepole.

"Alifia mgongoni mwangu. Kule hospitali walimalizia tu."

Esta alimtazama kwa muda mrefu, midomo ikajiandaa kusema neno, kisha akainamia cherehani akaanza kushona tena. Mjadala uliishia hapo.

Akiba haikutosha. Alikwenda kwa mama yake, na Nyamburi hakumuuliza maswali mengi. Alimpa madume wawili na mtamba mmoja. "Chukua, baba," alisema. "Na mimi siku moja nipande nikae mbele kama mke wa mkubwa." Hata baada ya hapo zilipungua fedha za betri. Wanzagi akauza baiskeli.

"Hiyo usiiuze," Esta alimwomba. "Ikae tu hapo ukutani."

"Mtu mwenye gari anapanda baiskeli ya viraka, watu watasema nini?"

Aliinunua mwalimu mmoja wa Nyakato, akaisukuma kutoka uani wakati Wanzagi amekwenda kazini. Wanzagi mwenyewe ndiye aliyepanga iwe hivyo.

Mwanzoni gari lilikuwa furaha, na lingekuwa jambo baya kusema halikuwa. Safari ya kwanza Butiama ilikuwa ya saa moja na dakika chache. Nyamburi alivaa gauni lake la kanisani, akapanda mbele, akazungushwa mpaka mnadani na kurudi, akiwapungia mkono watu aliowaona juzi tu. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Miti inakimbia!" alisema. Na mwaka ule ule, Wankyo, mke wa jirani yao pale Musoma, aliposhikwa na uchungu siku tatu kabla ya wakati wake na damu ikawa inatoka bila kukoma, Wanzagi ndiye aliyemkimbiza hospitali. Mama alipona na mtoto akapona. Mume wa Wankyo alikuja kumshika Wanzagi mikono yote miwili. Jioni ile Wanzagi alikaa ndani ya gari uani, mlango wazi, mikono kwenye usukani, akalia kwa mara ya kwanza tangu Gati azikwe. Aliamini kwamba deni lake lilikuwa limepungua.

Lakini Esta alikuwa amepiga hesabu sawa. Petroli ilipanda bei, ikapanda tena. Safari mbili za mwezi zikawa moja, halafu moja kwa miezi miwili. Rejeta ilianza kuvuja. Halafu gia. Halafu gasketi ya kichwa cha injini ikaungua, na kipuri chake kikawa hakipo Musoma wala Mwanza. Fundi mmoja wa Bunda, aliyekuwa na gereji yake Kabasa, alisema anaweza kukichonga mwenyewe, akakichonga, kikakaa wiki tatu. Majirani walileta shida zao wakidhani mwenye gari ana uwezo: harusi, jeneza, magunia ya muhogo. Akikataa, alionekana ana roho mbaya. Akikubali, alirudi na tangi tupu na ahsante nyingi. Esta alishona sare za shule mpaka vidole vikachubuka, na paa likaendelea kuvuja.

Kilicholiwa zaidi na gari, ingawa Wanzagi mwenyewe hakukiona, kilikuwa siku zake. Jumamosi zake zilikwenda gereji. Aliondoka nyumbani asubuhi ile ile aliyokuwa akiondoka zamani kwenda Butiama, akavaa ovaroli, akalala chini ya gari na fundi mpaka jua linazama. Alimtumia mama yake salamu kwa watu waliokuwa wanakwenda huko. "Mwambieni nikimaliza gari nakuja." Alilisema neno hilo kwa moyo mweupe. Kila wiki aliamini ni wiki hiyo.

Angeweza kupanda basi mpaka Makutano akatembea kilichobaki. Esta alimwambia hivyo zaidi ya mara moja.

"Nimemwambia nakuja na gari," Wanzagi alijibu. "Nishuke kwa miguu na kikapu? Ng'ombe wake watatu wamekwenda wapi, ataniuliza."

"Hatakuuliza."

"Ndiyo, hatauliza. Atatazama tu."

Mwaka tisini na moja gari liliwekwa juu ya mawe uani, magurudumu yakatolewa. Mwaka huo Wanzagi alimwona mama yake mara mbili. Mara ya pili alipata lifti ya lori la pamba, akakaa saa moja tu kwa sababu lori lilikuwa linarudi. Nyamburi alikuwa amekonda. Alimuuliza, kama mtu anavyouliza hali ya mgonjwa wa nyumbani, "Na gari, limepataga nafuu?"

"Bado kidogo, mama."

"Basi liangalie vizuri. Wewe uhangaike nalo tu, mimi nipo."

*

Mniko alifika Musoma asubuhi ya Alhamisi, mwezi wa tatu mwaka tisini na mbili, baiskeli yake imejaa tope mpaka kwenye kengele. Esta alimwona kupitia dirishani, akajua kabla hajateremka. Wanzagi alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Alitoka na shati halijafungwa vifungo.

"Kaka," Mniko alisema. "Mama ametutoka. Jana, kama saa kumi jioni hivi."

Wanzagi hakulia. Aligeuka akalitazama gari pale lilipo, juu ya mawe, kuku amelala chini ya tumbo lake, akaanza kwenda kulifungua boneti. Aliifungua kweli. Alisimama akiangalia ndani, mkono mmoja umeshika kizibo cha rejeta. Mniko alimtazama Esta. Esta akaenda taratibu akamshika mume wake kiwiko.

"Baba Gati. Nenda na Mniko. Mimi nitafuata na wavulana."

Basi la asubuhi lilikuwa limekwishapita na mvua ilikuwa imeharibu barabara. Hakuna aliyejua la pili kama lingekuja. Kwa hiyo Wanzagi, mtu wa miaka arobaini na tisa, alipanda keria ya baiskeli ya ndugu yake mdogo, miguu ikining'inia, akishika kiti kwa mikono miwili kama mtoto anayepelekwa kliniki. Watu wa mtaani walimwona. Hakuwaona.

Penye vilima walishuka wote wawili wakasukuma. Ni katika kilima kimoja baada ya Makutano, Mniko anahema, ndipo Wanzagi alipouliza.

"Aliugua muda gani?"

"Siku tisa."

Wanzagi alisimama. "Siku tisa, Mniko? Siku tisa, na hukunifuata?"

"Nilitaka kuja siku ya pili. Akakataa. Siku ya nne nikachukua baiskeli kabisa, nikaiegemeza pale mlangoni, akaniona. Akaniambia, 'Rudisha. Muacheni mwanangu. Gari lake ni bovu. Mkimwita atahangaika kutafuta mafuta, atakopa, na mkewe atagombana naye. Likipona atakuja mwenyewe.'" Mniko alifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilidhani atapona, kaka. Alikuwa anakula uji. Mpaka juzi alikuwa anakula uji."

Walisukuma baiskeli hatua chache.

"Kuna jambo lingine," Mniko alisema. "Bora ulisikie kwangu, maana pale msibani utaambiwa na wanawake. Mwaka mzima sasa mama alikuwa anatoka barabarani, pale karibu na nyumbani. Zile Jumamosi zako. Alikuwa anabeba kigoda chake, anakaa pale kwenye kona akiangalia magari. Tukimwambia mama, twende nyumbani, jua kali, anasema, 'Wanzagi hajui mahali pa kuegesha, nitamwonyesha.' Anakaa mpaka jioni. Ile Jumamosi ya mwisho mvua ikamkuta hapo hapo. Ndiyo kifua kikaanzia hapo."

Wanzagi alisikia kila neno. Alisukuma keria kwa mikono yote miwili mpaka juu. Kilima kilipoisha Mniko alipanda, akageuka.

"Panda, kaka."

"Tangulia," Wanzagi alisema. "Mimi nitatembea."

"Ni mbali."

"Najua kiasi gani. Tangulia."

Mniko hakumwacha. Aliteremka akatembea naye, akiisukuma baiskeli kati yao, mpaka walipofika nyumbani na wanawake wakainua kilio.

Walimzika Ijumaa, kando ya Gati. Siku ya tatu ya matanga, wageni wengi walipokwisha kuondoka, Wanzagi na Esta walikaa kwenye mkeka nje ya nyumba. Wanzagi alikuwa hajanyoa. Alizungumza bila kumtazama mtu.

"Nililinunua ili asife mtu mwingine kwa kukosa gari."

Esta alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Mikono yake ilisimama.

"Siku ile ya Gati ilikuwa Jumapili," alisema.

"Najua."

"Magari yalikuwa yamefungiwa. Hata ungekuwa na lako, lingekuwa uani kama ya wenzako."

"Najua, Esta." Na ni kweli alijua. Alijua tangu pale Makutano, mbuzi wamelala barabarani. Alijua siku anamkabidhi Masatu fedha. Alikuwa amelikalia jambo hilo miaka tisa kama mtu anavyokalia kitu asichotaka wageni wakione. "Na wewe ulijua. Kwa nini hukuniambia siku nilipotaka kulinunua?"

"Nilitaka. Nikakuangalia usoni, nikaona huna kitu kingine cha kushika." Esta alirudia kuchambua mchele. "Ningekuambia, usingelinunua. Mama angekuwa anakuona."

Wanzagi alitaka kumwambia kwamba kosa halikuwa lake. Aliweka kiganja mgongoni mwa mkewe, kikakaa hapo mpaka mchele ukaisha.

*

Mwezi wa sita alilirudishia gari magurudumu, akalipeleka Bunda likivutwa na trekta la mtu. Mkulima wa pamba, Jilala, alikuwa amepata mavuno mazuri na alitaka pikapu ya kubebea pamba na familia. Yule fundi wa Kabasa alikuwa amemwahidi kulifufua. Wanzagi aliwakuta wote wakingoja gereji: Jilala, mke wake, mama yake Jilala mzee sana aliyeegemea fimbo, na watoto ambao hata kabla bei haijakubaliwa walikwishapanda nyuma.

Jilala alizunguka gari akigonga bodi kwa vidole. Alikuwa na furaha na alikuwa anaificha, kama mnunuzi anavyopaswa.

"Mafuta linakulaga sana?"

"Linakula."

"Na kitu gani kingine niangalie?"

Wanzagi alimtazama yule bibi. Watoto walikuwa wamemletea kigoda, amekaa kivulini mwa gari, kiganja chake kikipapasa tairi la mbele. Alikuwa na mambo ya kumwambia Jilala. Alikuwa nayo mengi, na angeweza kuyasema yote pale pale, mbele ya mke na watoto, na Jilala angemsikiliza kwa heshima, halafu angelinunua gari.

"Rejeta," alisema. "Usiliwashe bila kuangalia maji. Na una baiskeli?"

"Ipo nyumbani. Nilikuwa nafikiria kuiuza."

"Usiiuze," Wanzagi alisema.

Jilala alicheka kidogo, bila kuelewa, akaitikia, "Haya, mzee." Wakapeana mikono. Bibi aliinuliwa na wajukuu wawili akakalishwa kiti cha mbele, ingawa gari halikuwa na injini inayowaka, akaomba mlango ufungwe ili aone inavyokuwa.

Wanzagi alipata basi la kurudi Musoma saa saba. Lilipokaribia Makutano aliinuka, akamwambia kondakta amshushe. Ilikuwa Jumanne, hakuna aliyemtarajia popote. Alinunua chumvi na mche wa sabuni kwenye kibanda cha njia panda, mkono ukavitafuta wenyewe kabla hajafikiri ni vya nani, kisha akaona vitamfaa mke wa Mniko. Alianza kutembea kuelekea Butiama. Waendesha baiskeli wawili walimpita wakamsalimu, mmoja akasimama akamwambia apande nyuma, jua kali. Alimshukuru, akasema hana haraka.